Mita ya nduthi imekufa? Anza chini kwenye gurudumu kabla hujalipia mpya

Breki ikilegea, unasimama hapo hapo. Tairi ikipata pancha, unasukuma nduthi mpaka kwa fundi hata kama ni jua la saa saba. Lakini mshale wa mita ukilala kwenye sifuri, maisha yanaendelea. Abiria anapanda, injini inanguruma, pesa inaingia kwenye simu. Mwenye nduthi anajiambia, "Nitaangalia wikendi," na wikendi inageuka kuwa miezi sita.

Pita steji yoyote kuanzia Kangemi hadi Dagoretti Corner na si ajabu kukuta nduthi ambayo mita yake ilikufa zamani, mwenyewe hata hakumbuki ilikuwa lini. Na siku akiamua kuitengeneza, mara nyingi mazungumzo ni mafupi sana:

"Fundi, mita imekufa."

"Hiyo ni ya kubadilisha yote, mkubwa. Tuma pesa nikuletee mpya."

Hapo ndipo sisi tunaingia. Kazi yetu ni malipo, si mekanika, lakini tunajua pesa nyingi hupotea pale mtu anapolipia kifaa kabla ya kujua ni nini hasa kimeharibika. Mita ya pikipiki ni mfano mzuri kabisa. Shida nyingi zake ziko chini kwenye gurudumu au kwenye kebo, na vipuri vya huko ni bei ndogo ukilinganisha na mita nzima. Kwa dakika ishirini, spana moja na rafiki mmoja wa kukushikia nduthi, unaweza kujua ukweli mwenyewe kabla hujabonyeza PIN.

Kwanza, inakugharimu nini?

Watu wengi hufikiri mita ni ya kuonyesha mwendo tu. Lakini kwa mtu wa boda boda, sehemu inayokula pesa ni zile namba ndogo zinazohesabu kilomita.

Oili hubadilishwa kwa kilomita. Vilevile kukaza cheni, kuangalia plagi na kusafisha filta. Namba zikiganda, unabaki kukisia. Ukichelewa, oili chafu inasaga injini. Ukiwahi sana, unatupa oili ambayo ilikuwa bado nzuri. Injini ikishaanza kutoa moshi, bili yake si ya mchezo.

Pia huwezi kujua lita moja ya petroli inakupeleka umbali gani. Kwa hiyo mteja akikuuliza, "Kutoka Kawangware 46 mpaka tao ni pesa ngapi?" unataja bei ya mazoea, hujui kama imelipia petroli na kuchakaa kwa nduthi.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Sheria ya trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, isipokuwa pale kibao kinaposema vingine. Chini ya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, kuzidisha kikomo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni faini ya shilingi 500, kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Yaani ukidhani uko kwenye 50 na kumbe uko kwenye 62, hapo ni 3,000.

Na macho hudanganya. Ukitoka Waiyaki Way ambapo ulikuwa umepiga mbio kwa dakika kumi, ukiingia barabara ya ndani ya Kangemi unahisi unatambaa hata kama bado uko juu ya 50. Ubongo ulikuwa umezoea ile kasi. Nguvu ya kugonga nayo haipandi kidogo kidogo: ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 30 hadi 60, nguvu inayobebwa na nduthi na waliopanda inakuwa mara nne. Mtoto akikatiza mbele yako, hiyo tofauti ni kubwa mno.

Mita inafanya kazi namna gani?

Ukielewa safari ya mwendo kutoka gurudumu hadi kwenye mshale, umeshamaliza nusu ya kazi. Nyingi za Boxer na TVS tunazoziona steji hutumia mfumo wa kebo, ambao hauhitaji umeme kuonyesha mwendo. Una vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni gurudumu la mbele. Ndani ya kile kifuniko cha breki, au kwenye kiboksi kidogo pembeni ya gurudumu kwa nduthi zenye breki ya diski, kuna ringi yenye masikio mawili madogo. Masikio hayo hukaa kwenye nafasi zake ndani ya habu. Gurudumu likizunguka, ringi inazunguka nalo na kuzungusha gia ndogo.

Kituo cha pili ni kebo. Usiichanganye na kebo ya breki, ambayo huvutwa. Ya mita huzunguka. Ndani ya kava nyeusi kuna waya mrefu uliosokotwa, ncha zake zimebanwa ziwe bapa au za pembe nne ili zishike gia ya chini na mita ya juu.

Kituo cha tatu ni mita yenyewe. Waya ule unazungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha chuma. Kikombe na sumaku havigusani. Sumaku ikizunguka, inazalisha mkondo wa umeme ndani ya kikombe na kukivuta kifuate, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha nyuma. Kadiri sumaku inavyokimbia, ndivyo mshale unavyopanda. Ni ufundi wa zamani kweli: Mjerumani Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902, na bado unafanya kazi Kawangware leo. Namba za kilomita zenyewe huzungushwa na gia ndogo ndogo kutoka kwa waya ule ule.

Kwa hiyo gurudumu linazungusha kebo, kebo inazungusha mita. Kituo kimoja kikikatika, vinavyofuata vyote vinalala hata kama ni vizima. Ndiyo maana mita nzima kabisa inaweza kuonekana imekufa, na ndiyo maana kununua mita mpya bila kupima ni kucheza kamari.

Jiulize swali hili kabla ya kushika spana

Gurudumu la mbele lilitolewa lini mara ya mwisho?

Kama mita ilikufa siku ile ile uliyoziba pancha ya mbele au kubadilisha breki za mbele, umeshapata mshukiwa wa kwanza. Gurudumu likirudishwa haraka haraka, yale masikio mawili ya ringi yanaweza kukosa nafasi zake. Fundi akikaza ekseli, yanabanwa, yanapinda au yanavunjika. Wakati mwingine ni rahisi zaidi: kebo haikurudishwa ikaingia vizuri, au nati yake ililegea ikachomoka njiani.

Ukiona hivyo, rudi kwa aliyeziba pancha umwambie kwa heshima, "Fundi, mita ilikuwa inafanya kazi nilipokuja. Hebu tufungue tuangalie pamoja." Tena mwambie ahakikishe kifuniko cha breki kimekaa kwenye kishikio chake kwenye shoki ya mbele. Hilo si suala la mita peke yake. Kifuniko kisiposhikwa, ukipiga breki ya mbele kinaweza kuzunguka na gurudumu, na hapo unaweza kuanguka vibaya.

Sababu nyingine za kawaida Nairobi ni maji na vumbi. Pale karwoshi, wakielekeza ile pampu ya maji ya presha kwenye habu na kwenye mita, maji yanasukuma grisi nje na kuingia ndani. Msimu wa mvua ya Machi hadi Mei, matope ya barabara za ndani yanamalizia kazi. Waya unakauka, unapata kutu, unaanza kukwama, halafu siku moja unakatika.

Soma dalili

Tazama mshale na namba za kilomita kwa pamoja. Vikilinganishwa, vinakwambia mengi.

Mshale umelala na namba zimeganda: mwendo haufiki kwenye mita. Tafuta shida kwenye gurudumu au kebo. Ni nadra vyote viwili kufa kwa mpigo ndani ya mita.

Mshale umelala lakini namba zinasonga: gurudumu na kebo ni vizima. Shida iko ndani ya mita, kwenye mshale, springi au kikombe.

Mshale unafanya kazi lakini namba zimeganda: gia ndogo ndani ya mita imevunjika meno. Kebo mpya haitasaidia hapa, hata ukiambiwa vipi.

Mshale unarukaruka, hasa mwendo mdogo: waya umekauka au kebo imekunjwa mahali. Unakwama, halafu unajiachilia kwa nguvu. Ukiona hivi bado una muda wa kuuokoa.

Kuna mlio kama wa panya ukiongeza mwendo: kitu kimekauka, ama waya ama pale sumaku inapozungukia. Usingoje.

Mshale unapanda lakini haurudi sifuri: maji, vumbi au grisi imeingia ndani ya mita.

Taa ya mita tu ndiyo haiwaki: hiyo ni balbu, waya wa umeme au fyuzi. Kwa mita ya kebo, haihusiani kabisa na mshale kulala.

Jaribio la kutoka chini kwenda juu

Zima injini na uache ipoe. Egesha pahali tambarare, mbali na barabara. Simamisha nduthi kwa stendi kubwa, kisha rafiki yako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Ukiwa peke yako, weka kreti ngumu chini ya injini, na hakikisha haiyumbi kabla hujaweka mkono karibu na gurudumu.

Hatua ya kwanza: angalia bila kufungua. Fuata kebo kwa macho kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye mita. Je, imeingia sawasawa chini? Nati imekaza? Kuna mahali imebanwa, imekatwa na waya mwingine au imekunjwa kama kona ya Museum Hill? Zungusha usukani kushoto na kulia uone kama kebo inavutika. Shida nyingine zinaishia hapa hapa, kwa kukaza nati tu.

Hatua ya pili: fungua kebo upande wa gurudumu. Nyingine zimeshikwa kwa nati ya kuzungusha, nyingine kwa skrubu au boliti ndogo. Ichomoe utazame ncha ya waya. Kama imekuwa ya mviringo badala ya bapa au pembe nne, imekula na inateleza ndani ya gia. Vuta waya taratibu. Ukitoka kipande kifupi, umekatika, na umepata jibu lako: ni kebo.

Hatua ya tatu: zungusha waya kwa vidole. Waya ukiwa mzima, ushike kwa vidole viwili, au kwa plaisi bila kuuminya sana, na uuzungushe haraka haraka huku rafiki yako akitazama mita. Jaribu pande zote mbili, kwa sababu mshale hupanda upande mmoja tu. Mshale ukiruka hata kidogo, kebo na mita ni vizima. Shida iko kwenye gurudumu. Sasa zungusha gurudumu kwa mkono na uchungulie kwenye tundu ulilochomoa kebo. Ile gia ndogo inapaswa kuzunguka. Kama imesimama huku gurudumu linazunguka, masikio ya ringi au meno ya gia yamekwisha.

Hatua ya nne: nenda juu. Kama kuzungusha kwa vidole hakukuleta kitu, rudisha kebo chini vizuri, kisha ifungue upande wa mita. Zungusha gurudumu. Waya ukizunguka juu lakini ukiurudisha kwenye mita hakuna kinachosonga, hapo sasa una haki ya kusema mita ndiyo imekufa. Waya usipozunguka juu, na gia ya chini uliiona inazunguka, kebo ndiyo shida.

Hatua hizo zote hazijakugharimu hata bob moja. Na sasa ukienda kwa fundi hutasema tena "mita imekufa." Utasema, "Gia ya chini inazunguka, lakini waya hauzunguki juu. Nataka kebo." Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Yule mwingine atajua wewe si wa kupangwa.

Kama waya ni mzima lakini umekauka, utoe, uufute kwa kitambaa, uupake grisi nyepesi, kisha uurudishe. Acha sehemu ya juu, kama upana wa kiganja kimoja, bila grisi. Waya ukizunguka hupandisha grisi, na ikifika ndani ya mita itashika kikombe. Hapo utakuwa umetengeneza shida ya pili mwenyewe.

Na kama nduthi ni ya kidijitali au ya umeme?

Nduthi zenye mita ya kidijitali hazina kebo ya kuzunguka. Kuna sensa kwenye gurudumu au karibu na gia za injini, inayohesabu mizunguko na kutuma habari kwa waya mwembamba. Kioo chote kikiwa giza, anza na betri na fyuzi. Kioo kikiwaka lakini mwendo unasoma sifuri, angalia sensa: imejaa matope? Waya wake umekatika pale unapokunjwa na usukani? Plagi yake imeingia maji? Kusafisha na kuunganisha upya kunaweza kutosha.

Pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri, ambazo zimeongezeka Nairobi, ni jambo tofauti. Mita yake inaongea na betri na kompyuta ya nduthi. Usikate wala kuunganisha waya mwenyewe. Piga picha ya kile kinachoonekana kwenye kioo, kisha upeleke kwenye kituo cha kampuni iliyokuuzia au kukukodishia.

Kununua kipuri bila kulia

Ukishajua unachohitaji, unaweza kununua dukani mtaani kwako au ushuke mpaka Kirinyaga Road, ile ambayo watu wa spea bado wanaiita Grogan. Huko kila kitu kipo, cha asili na cha kuiga, na vinafanana sana. Haya ndiyo tunayokushauri.

Nenda na kebo ya zamani mkononi. Kebo ya Boxer na ya TVS zinaweza kuonekana ndugu, lakini urefu na ncha zake zikitofautiana kidogo tu haziingii. Zipange kando kwa kando kwenye kaunta. Shika ncha moja ya waya mpya uizungushe, nyingine izunguke laini bila kukwama.

Uliza habari za kurudisha kabla ya kulipa, si baada. "Isipoingia, nairudisha leo leo?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, nenda duka la pili. Yako mengi.

Lipa kwa namba ya biashara, si kwa namba ya mtu usiyemjua. Ukishaingiza namba ya till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Lisipofanana na la duka, uliza. Muuzaji akisema, "Hiyo till ina shida, tuma kwa hii namba ya boy wangu," una ruhusa ya kusema hapana.

Usitume pesa yote kwa kitu ambacho hujakiona. Ukimtuma fundi au mtu wa mizigo akuletee kipuri kutoka tao, zungumza na duka kwenye simu, upate picha ya kipuri chenyewe, kisha ulipe duka moja kwa moja. Fundi mlipe kazi yake kando, baada ya kupanda nduthi na kuona mshale unasonga. Malipo mawili tofauti yanakuachia rekodi mbili safi: kipuri ni pesa ngapi, kazi ni pesa ngapi.

Na kama kawaida, PIN ni yako peke yako. Ukipokea ujumbe au simu ya "nimekutumia kimakosa, nirudishie" wakati umeshika nduthi na mikono ina grisi, usikimbilie kutuma. Angalia salio lako kwanza. Wezi wanapenda mtu mwenye haraka.

Mita bado imekufa? Taarifa yako ya miamala inahesabu kilomita

Hili ndilo tunataka ushike zaidi. Tuseme hauna pesa ya kutengeneza wiki hii. Bado unaweza kujua umeenda kilomita ngapi, mradi petroli unainunua kwa simu.

Hesabu ni rahisi. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo bei ya lita unaijua. Kitu cha pili unachohitaji ni kujua nduthi yako inaenda kilomita ngapi kwa lita. Jaza tangi mpaka juu, fanya kazi siku moja ukipima safari zako kwa ramani ya simu, kisha ujaze tena uone zimeingia lita ngapi. Gawanya kilomita kwa lita.

Tuchukue mfano wenye namba za kurahisisha hesabu. Petroli ni shilingi 180 kwa lita, nduthi yako inaenda kilomita 40 kwa lita, na kila siku unaweka ya 360. Hiyo ni lita 2, sawa na kilomita 80 kwa siku. Kama oili yako ni ya kubadilisha kila kilomita 2,000, basi siku 25 za kazi zimefika. Fungua taarifa yako ya miamala, jumlisha malipo ya petroli tangu ulipolipia oili mara ya mwisho. Yakifika shilingi 9,000, ni lita 50, ni kilomita 2,000. Muda umefika, hata kama mita inasema sifuri.

Si sahihi kama mita nzima. Siku ya msongamano Ngong Road petroli inaliwa zaidi ya siku ya barabara wazi. Lakini ni bora kuliko kukisia, na ina faida nyingine: kama malipo ya petroli yanapanda na kazi ni ile ile na bei haijabadilika, nduthi inakwambia kuna kitu. Labda ni kabureta, labda ni tairi zisizo na upepo, labda ni breki inayoshika.

Ukitaka iende vizuri, petroli lipia kwa till ya kituo kila mara, isichanganyike na keshi. Pia tenga kidogo kila jioni kwa ajili ya sevisi. Shilingi 30 kwa siku kwa siku 25 ni 750, na siku ya oili haikupati mikono mitupu.

Ila mwendo, taarifa ya miamala haiwezi kukuonyesha. Kwa hiyo mpaka utengeneze, punguza kasi, fuata mwendo wa magari ya upande wako wa kushoto, na usibebe simu mkononi ukijaribu kusoma mwendo huku unaendesha.

Ukiweka mita mpya, andika namba ya zamani

Mita mpya huanza na sifuri, na ya kutolewa kwenye nduthi nyingine huja na namba zake. Kabla fundi hajatoa ya zamani, ipige picha namba zikionekana. Jitumie ujumbe wenye tarehe, namba ya zamani na namba ambayo mita mpya imeanza nayo. Siku ukiuza nduthi, mwonyeshe mnunuzi pamoja na rekodi za malipo ya sevisi. Nduthi yenye historia inayoonekana ni rahisi kuitetea bei yake.

Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, usiamini namba ndogo peke yake. Angalia raba za kukanyagia, pedali ya breki na meno ya sproketi. Kama vimelika sana na mita inasema kilomita 4,000, kuna safari nyingi hazikuhesabiwa. Muulize muuzaji mita ilibadilishwa lini, na uombe aone rekodi zake za malipo ya oili kwenye simu mkiwa pamoja. Mtu mkweli hatakasirika.

Kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, chuchumaa mbele ya gurudumu, ushike kebo pale inapoingia na uitikise kidogo. Ikiwa imelegea, ikaze. Kisha endesha mita mia mbili uone kama mshale umeamka. Usipoamka, una hatua zako nne, na pesa yako bado iko kwenye simu.